Dereva Alikuwa Amelemewa

Butali,
11 Januari 2025

Shangazi Gentrix,

Mulembe. Natumaini mguu wako umepata nafuu na baridi ya Nakuru haijaurudisha nyuma. Sisi tuko. Mama ana mafua lakini anaenda shambani hivyo hivyo, ukimwambia apumzike anakuuliza nani atapalilia. Baba yu salama, hasemi sana, wajua alivyo. Mimi siku za kazi niko Kakamega mjini, kwenye lile duka la kuchapa na kutoa nakala, na Ijumaa narudi nyumbani.

Senje, shangazi yangu, nimekasirika na sina wa kumwambia. Mwezi uliopita trela la miwa lilipinduka kwenye mteremko wa kwa Osiako. Hakufa mtu, Mungu ashukuriwe, lakini dereva alivunjika mkono. Ni Isaiah, jirani yetu. Kabla hata hajatolewa chini ya miwa, karani wa kontrakta alishatangaza kwamba Isaiah alikuwa amelewa. Basi ikawa ndiyo habari. Soko zima linasema hivyo, hata watoto wakitoka shule wanamwimbia. Mimi namjua Isaiah. Kosa lake ni kupewa trela lililojazwa mpaka miwa inagusa nyaya za stima.

Nikaandika makala, kurasa nane, nikaituma kwa gazeti lako la zamani. Wiki mbili kimya, kisha wakanijibu kwa mstari mmoja: "Hatuoni habari hapa." Mtu amevunjwa mkono na jina, na wao hawaoni habari!

Wewe ulifanya kazi hiyo miaka ishirini na saba. Nifundishe. Nimeweka nakala humu. Usinieleze kwa simu, ya simu nayasahau. Nichoree makosa kwa kalamu nyekundu, unirudishie kwa posta.

Bintiyo,
Musimbi


Nakuru,
27 Januari 2025

Musimbi binti yangu,

Mulembe muno. Mguu unauma kama kawaida yake, na jogoo wa mwenye nyumba bado yuko hai, kwa hiyo silali vizuri. Mwambie mama yako achemshe majani ya mkaratusi ajifukize, aache ukaidi.

Haya, sasa tugombane. Kurasa zako nane nimezisoma mara mbili, maana mara ya kwanza nilisinzia. Unaanza hivi: "Tangu enzi za mababu zetu, miwa imekuwa uti wa mgongo wa uchumi wa eneo letu." Mababu zetu wamekukosea nini? Trela linapinduka ukurasa wa tano. Isaiah anatokea ukurasa wa sita, na anatokea kama maiti, hasemi neno! Umemtetea mtu kurasa nane bila kumpa nafasi afungue mdomo wake. Huyo mhariri alikujibu kwa adabu. Mimi ningekujibu vibaya zaidi.

Kosa lako ulilifanya kabla ya kuandika. Ulikaa chini na hasira yako ukaanza. Mtu hajengi nyumba kwa kurusha matope ukutani. Chukua karatasi tupu uandike juu yake swali moja, moja tu, ambalo makala itajibu. "Miwa" si swali, miwa ni shamba. "Nani aliamua trela lile libebe mzigo kiasi kile?" Hilo ni swali. Kila kitu kisichosaidia kulijibu, hata kiwe kitamu namna gani, hakiingii.

Kisha jiulize nani anajua jibu, uende kwake kwa miguu yako. Anza na mhusika mwenyewe, yule anayesemwa. Hata ukidhani unajua atakachosema, nenda umuulize. Andika anavyosema, usimnyooshee ulimi. Halafu nenda kwa yule anayemsingizia umpe naye nafasi, hata kama humpendi. Ukirudi, panga kwenye karatasi nini kinatangulia na nini kinafuata, kila aya na kazi yake, ndipo uandike. Aya ya kwanza, trela limepinduka tayari. Maneno mia nane yanatosha. Ukimaliza soma kwa sauti. Pale ulimi unapokwama, pana uongo au pana uvivu.

Hasira isikuandikie. Ikutoe nyumbani, ikufikishe kwa mtu, basi. Kwenye karatasi weka aliyosema mtu.

Nisalimie mama yako.
Shangazi yako,
Gentrix


Butali,
16 Februari 2025

Senje,

Mulembe. Mama amejifukiza na amepona, anasema ni Mungu, si majani yako. Ng'ombe amezaa ndama jike. Nyanya angekuwepo angempa jina.

Barua yako nilitaka kuichoma. Niliibeba kwenye mkoba siku nne nikikutukana kimoyomoyo, siku ya tano nikaenda kwa Isaiah. Kumbe tangu aanguke, mimi ndiye mtu wa kwanza kumuuliza. Polisi walimwandikia taarifa tu, kanisani walimwombea tu. Akaniambia hivi, nami nimeandika alivyosema: "Mimi sijalewa, Musimbi. Nilikuwa naendeshanga hiyo trekta tangu asubuhi bila kukula. Niliwaambia wapunguze mzigo. Karani akaniambia kama siwezi nishuke, madereva wako wengi." Mke wake alikuwa pale analia kwa hasira. Mimi nilitaka kulia pia, lakini nilikuwa naandika.

Karani nilimwendea ofisini. Alinicheka. Akasema, "Andika unachotaka, dada." Nimeandika hivyo hivyo, na kwamba alicheka.

Kisha nikamtafuta Chrispinus, mzee anayepakia miwa tangu mimi sijazaliwa. Yeye ndiye aliyenishtua. Alisema, "Hii ya Isaiah ni ya piri. Ya kwanza irikuwa ya mzee wako, hapo hapo kwa Osiako. Wakasema vire vire, arikunywa. Harafu akafutwa kazi. Nenda uurize nyumbani." Anasema ni mwaka 2009, mimi nilikuwa na miaka saba. Najua tu kwamba zamani Baba aliendesha trekta kisha akaacha. Nilipofika nyumbani nilitaja ule mteremko, basi. Baba akasimama akasema anaenda kumwangalia ng'ombe, na ng'ombe alikuwa amesimama mbele yetu. Sikuthubutu kumfuata.

Nimeweka aliyosema Chrispinus katika aya ya nne. Makala yenyewe ni hii hapa, maneno mia nane na ishirini. Mwaka huo wewe ulikuwa gazetini. Ulisikia habari hiyo?

Na jambo jingine. Ulimsalimia Mama. Baba hukumsalimia.

Musimbi


Nakuru,
10 Machi 2025

Musimbi,

Natumaini mko wazima. Mimi niko.

Umeandika vizuri. Sisemi hivyo ovyo, miaka yote ile nimewaambia watu watano. Mwanzo unavuta, Isaiah anasikika, karani amejinyonga kwa mdomo wake. Nimesahihisha nukta na herufi kubwa, na neno "kiukweli" nimelitoa mara sita.

Aya ya nne nimeikata yote. Haihusiki. Makala ni ya Isaiah, swali ni moja. Ukianza kuwaburuta wazee na mambo ya miaka kumi na sita, msomaji atapotea na mhariri atachoka. Itume bila hiyo aya. Mteremko huo una ajali nyingi, huwezi kuzibeba zote.

Nina haraka, kuna mtu anakwenda posta.

Gentrix


Butali,
29 Machi 2025

Gentrix Andati,

Leo sikusalimu. Mungu atanisamehe, wewe usiponisamehe ni sawa.

Nilimwonyesha Mama ile aya uliyoikata kwa mistari miwili mikali hata karatasi ikatoboka. Kisha akatoa sanduku chini ya kitanda, akainua karatasi ya kutandikia, akanipa kipande cha gazeti. Nakunakilia, labda umesahau ulivyoandika.

"Ijumaa, 14 Agosti 2009. DEREVA MLEVI AUA MCHUUZI. Na Gentrix Andati. Mchuuzi wa ndizi, Phoebe Nanjala, alifariki jana baada ya trela la miwa kupinduka karibu na Butali. Shahidi alisema dereva, Hezekiah Andati, 42, alikuwa amelewa."

Ndugu yako! Tumbo moja! Mtu ambaye hata kwenye matanga pombe ya busaa ikizungushwa yeye hupokea mrija na kumpitishia wa pili. Wewe ulikula naye sahani moja, ulijua hanywi. Tena ukaandika "mlevi" kwa herufi kubwa na jina lako chini yake, jina la baba yenu nyote wawili. Mama anasema uzee wa kanisa alivuliwa Jumapili iliyofuata, mbele ya watu, na kazi ikaishia hapo. Anasema Nyanya aliacha kwenda sokoni. Na mimi nimekua nikiambiwa Shangazi haji nyumbani kwa sababu ana kazi nyingi.

Nilirudi kwa Chrispinus. Nilimuuliza nani alikuwa shahidi. Akasema ni yeye, alipiga simu gazetini kutoka kwa kibanda cha simu ili watu wajue trela zinajazwa kupita kiasi. Alifurahi kwamba aliyepokea alikuwa mama wa kwetu. Nikamuuliza alisema neno gani hasa. Akasema, "Mimi niriambia yeye dereva ameremewa." Nikamwambia arudie. Akakasirika akapiga meza: "Ameremewa! Mzigo umemshinda! Wewe husikii Kiswahiri?"

Amelemewa, Shangazi. Mzee wa watu ana r mahali pa l, kama nusu ya watu hapa. Na wewe, bingwa, uliyeniandikia nisimnyooshee mtu ulimi!

Makala nimeituma, na aya ya nne imo.

Musimbi


Butali,
4 Mei 2025

Shangazi,

Wiki tano hujajibu. Posta ya Nakuru haijafungwa, nimeuliza.

Makala ilitoka Jumamosi ya tarehe 26 Aprili, ukurasa wa kumi na mbili, haikukatwa hata mstari. Isaiah amesomewa mara tatu. Karani hachekicheki tena. Watu wa duka letu walinipongeza, mteja mmoja akataka nimtilie sahihi. Nilipaswa kufurahi. Nimekaa na furaha yangu kama mtu aliyepewa nguo ya kubana.

Baba alijua imetoka, maana kijiji kizima kilijua. Hakuomba kusomewa. Anakula, anakwenda shambani, ananiambia "umerudi" nikirudi. Mama anasema nimwache.

Sema kitu. Hata kama ni uongo, niandikie nijue unasema uongo.

Musimbi


Nakuru,
9 Juni 2025

Binti yangu,

Nimeandika barua hii mara saba. Mtu aliyefundisha wengine kuandika maisha yake yote.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni na ukurasa ulikuwa unafungwa. Simu ilipolia mtu wa mapokezi akasema, "Mpeni Gentrix, ni watu wake." Nilipenda kuambiwa hivyo. Mimi ndiye niliyewaelewa watu wa kwetu pale ofisini, wanapovuruga r na l, nami nilijivuna kwa sikio langu. Laini ilikuwa inakatika. Nilisikia "amere", kisha kelele, kisha "wa". Kichwani mwangu nikamsahihisha haraka, r nikaifanya l, nikapata "amelewa". Sikumwambia arudie. Nikamshukuru nikakata simu.

Mpaka hapo ni kosa la sikio. Ningeweza kuishi nalo.

Baadaye nikampigia karani wa kontrakta anipe jina la dereva. Akalitaja. Akasema ndiyo, alikuwa amelewa, andika. Musimbi, nilijua ni nani na nilijua hanywi. Mama yetu alikuwa na simu, dakika mbili zingetosha. Mhariri wangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Mwezi mmoja kabla ya hapo alisema mezani, watu wote wakisikia, kwamba sisi watu wa Magharibi tunabebana. Nikaogopa kwamba akiona jina langu na jina la dereva atasema namficha ndugu yangu. Nikajisemea, wacha waone Gentrix hana ndugu kwenye kazi. Nikaandika. Nilisifiwa kwa hilo, na sifa yenyewe niliipenda.

Matanga ya mama yetu, 2014, nilikuja nikasimama nyuma na akina mama wageni, nikaondoka kabla ya chakula. Kaka aliniona. Aliinua mkono kidogo, sijui alikuwa ananiita au ananifukuza. Sikungoja kujua.

Hii hapa nimeiambatisha, taarifa ya gazeti ya kuomba radhi. Nilikwenda mwenyewe Nairobi nikakaa mapokezi siku mbili, mpaka wakakubali. Imetoka Jumamosi, ukurasa wa pili: "Tarehe 14 Agosti 2009 gazeti hili liliripoti kwamba dereva Hezekiah Andati alikuwa amelewa. Haikuwa kweli. Shahidi alisema dereva alikuwa amelemewa na mzigo. Kutokana na taarifa hiyo Bw. Andati alifutwa kazi na kuvunjiwa heshima. Mwandishi, ambaye ni dada yake, anaomba radhi." Msomee.

Gentrix


Butali,
22 Juni 2025

Shangazi,

Mulembe. Mama hajambo. Ndama anakimbia.

Nilimsomea Baba leo baada ya kanisa. Mama alizima redio akaketi karibu naye. Nilisoma polepole, nikijua sasa atalia au atacheka au atasema ahsante Mungu. Nilipofika mwisho akasema, "Soma tena hapo kwa kufutwa." Nikasoma.

Akasema, "Mimi sikufutwa."

Nikamwambia Chrispinus alisema alifutwa. Akasema, "Chrispinus arikuwa anapakia miwa, hakuwa kwa ofisi. Mimi niriacha. Siku ya piri nirimperekea karani funguo nikamwambia siendeshi tena. Aritaka nibaki. Huyo mama Phoebe arikuwa ananiuzianga ndizi kira asubuhi, akiniita mwanangu. Ningepitaje hapo?"

Unajua kila Agosti Baba huondoka siku mbili au tatu? Sisi tulidhani ni kibarua. Kumbe huenda Buyangu, kwa watu wa Phoebe, kuwalimia. Miaka kumi na sita. Mama pia hakujua. Phoebe ana mabinti wawili, wameolewa sasa, na Baba alikaribishwa harusini kwao mara zote mbili. Yote hayo aliyasema akitazama mikono yake, kama mtu anayeeleza njia.

Kisha akanigeukia. Sijawahi kumwona Baba akikasirika, Senje, na sitaki kuona tena. Alisema, "Gentrix ariandika mimi ni mrevi, hakuniuriza. Wewe ukaandika nirifutwa, hukuniuriza, na unarara hapa nyumbani kwangu. Sasa yeye amechukua yako ameandika tena. Mtanisahihisha mpaka nife, na hakuna mtu ameniuriza kitu."

Nilisema nilimwogopa. Akasema, "Mimi?" Akashangaa kweli.

Kwa hiyo nimekasirika, lakini sijui tena nimkasirikie nani. Nimekukasirikia wewe, hilo lipo, halijapungua. Nimejikasirikia mimi zaidi. Ile aya niliyoipigania nilidhani ni kumtetea, kumbe niliokota habari za baba yangu kwa jirani, nikaziuza gazetini, naye yuko hatua kumi kutoka kitandani pangu. Na wewe ukazinunua bila kuangalia. Umekwenda Nairobi, umekaa siku mbili kwenye benchi la watu, lakini Butali hukufika.

Nilimuuliza kama niandike tena gazetini kurekebisha lile neno. Akasema gazeti limwache. Nikamuuliza basi nikuandikie nini wewe. Akasema nikuambie Jumamosi hii atakuwa nyumbani, na hata ukichelewa atangoja. Hatakugombeza, na hatakuambia lolote asiloulizwa. Amesema wewe ndiye utauliza.

Musimbi